Umeme umerudi Newala, mfumo haujarudi

"Kaka shikamoo. Mfumo umegoma tena."

"Marahaba. Umeme ulikatika?"

"Ulikatika, ila dakika tano tu, umerudi zamani. Taa za ruta zinawaka zote, intaneti ipo, WhatsApp naingia vizuri. Mfumo tu ndio haufunguki. Na watu wa salfa ndio hawa, wamejaa hapa dirishani."

Huyo ni binti wa kaunta wa Newala, mwezi Juni, mikorosho inapuliziwa na hakuna mkulima mwenye muda wa kusubiri risiti. Bosi wake ana duka la jumla la pembejeo hapa Mtwara mjini, na matawi Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Lindi. Stoo na hesabu zote zimo kwenye seva moja iliyoko Mtwara, matawi yanaifikia kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Mfumo ukikata, tawi linauza kwa daftari, jioni mtu anakaa kuingiza risiti moja moja, na hapo ndipo mifuko ya salfa inapoanza kupotea kwenye karatasi huku ghalani ipo.

Sisi kazi yetu ni kufunga mitandao ya maduka hapa Mtwara. Malalamiko ya namna hii tumeyapokea kwa zaidi ya mteja mmoja, ndiyo maana tumeona tuyaandike. Karibu kila mmoja alikuwa ameshatumia pesa kabla ya kutupigia: huyu kabadilisha laini, yule kanunua ruta nyingine. Laini haikuwa na kosa. Ruta nayo ilikuwa nzima.

Kilichotusaidia kwa huyu wa pembejeo ni daftari la yule binti. Pembeni ya mauzo alikuwa akiandika kwa kalamu nyekundu: umekata 7:40, umerudi 9:15. Siku nyingine: umekata 4:05, umerudi 6:00. Nyingine tena: umekata 8:20, umerudi 9:44. Piga hesabu: dakika 95, dakika 115, dakika 84. Hakuna hata mara moja ilipozidi saa mbili, na hakuna hata mara moja ilipopungua saa moja na dakika ishirini. Mtandao mbovu haujui kutunza muda hivyo. Mahali fulani palikuwa na kitu kinachohesabu dakika.

Ili ueleweke ni kitu gani, inabidi tueleze kwanza VPN yenyewe imekaaje.

Ukiwa na maduka mawili, unachimba handaki moja la siri kati ya ruta hii na ile, kazi imekwisha. Ukiwa na vituo sita na unataka kila kimoja kiongee na kila kingine moja kwa moja, mahandaki ni 15. Ongeza kimoja tu, yanakuwa 21, na kila ruta ya zamani lazima ifunguliwe na kuandikwa upya. Hapo ndipo inapoingia DMVPN, utaratibu uliotoka Cisco, ambao unakuwezesha kuandika handaki moja tu kwenye kila ruta na mengine yakajichimba yenyewe yanapohitajika. Ruta ya Mtwara inakuwa kitovu, yenye anwani ya IP isiyobadilika. Matawi yanaweza kuwa na anwani yoyote, hata ya kubadilika kila siku.

Sasa, kama anwani za matawi zinabadilika, kitovu kinazijuaje? Kwa itifaki iitwayo NHRP. Ichukulie kama shangazi anayetunza namba za simu za ukoo mzima. Kila tawi likiwaka linampigia: "Mimi Newala, jina langu la ndani ni 10.10.0.3, leo napatikana kwa namba hii." Shangazi anaandika. Masasi wakitaka kuongea na Newala wanamuuliza yeye, anawapa namba, wanapigiana wenyewe. Mzigo wenyewe unapita ndani ya GRE, ambayo ndiyo handaki, na IPsec ndiyo inayoufunga kwa siri ili wa njiani asiusome.

Shangazi huyu lakini ana tabia moja. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Shangazi naye ameupokea. Kwa hiyo ukimpigia kwa namba mpya ukasema wewe ni Newala, wakati kwenye daftari lake Newala ana namba nyingine, anakukatia simu. Hakuamini mpaka ile namba ya zamani ichakae na kufutika.

Ndicho kilichokuwa kikitokea. Umeme wa Newala ukikatika, modemu inazima. Ukirudi, modemu inapewa anwani mpya na kampuni ya simu. Ruta inakimbilia Mtwara kujisajili, kitovu kinakataa, na kwenye kumbukumbu za ruta ya tawi kunabaki mstari huu ambao hakuna aliyewahi kuusoma:

%NHRP-3-PAKREPLY: Receive Registration Reply packet with error - unique address registered already(14)

Kwa Kiswahili cha dukani: jina hili lina mwenyewe. Mwenyewe ni yeye huyo huyo, wa dakika kumi zilizopita.

Na muda wa namba kuchakaa kwenye ruta zile ulikuwa sekunde 7200, yaani saa mbili. Tawi lenyewe hujisajili upya kila theluthi ya muda huo, kila dakika 40. Umeme ukikatika mara tu baada ya kujisajili, utasubiri karibu saa mbili nzima. Ukikatika dakika ya 39, utasubiri kama saa moja na dakika ishirini. Rudi uangalie kalamu nyekundu ya yule binti.

Wengi hupotezwa na taa. Handaki la namna hii, ukiliangalia kwenye ruta, litakuambia liko juu, hata kama halina mtu upande wa pili. Amri inayosema ukweli ni show dmvpn. Ikiandika UP, sawa. Ikiandika IKE, ruta mbili bado zinagombana kuhusu ufunguo, au kuna ukuta njiani unaozuia milango ya UDP 500 na 4500, ambayo IPsec hupitia. Ikiandika NHRP, ufunguo umekubalika na kilichokwama ni usajili. Newala iliandika NHRP.

Hivi ndivyo handaki la tawi lile linavyosomeka sasa. Anwani ya 203 ni ya mfano, usiinakili:

interface Tunnel0
 ip address 10.10.0.3 255.255.255.0
 ip mtu 1400
 ip tcp adjust-mss 1360
 ip nhrp network-id 1
 ip nhrp holdtime 600
 ip nhrp nhs 10.10.0.1 nbma 203.0.113.10 multicast
 ip nhrp registration no-unique
 ip nhrp shortcut
 tunnel source GigabitEthernet0/0
 tunnel mode gre multipoint
 tunnel protection ipsec profile DUKA

Mistari miwili ndiyo iliyomaliza kesi. Wa no-unique unamwambia shangazi: nikija na namba mpya, futa ya zamani uandike hii. Wa holdtime unashusha saa mbili kuwa dakika kumi. Kisha tukafuta mara moja orodha ya kitovu kwa clear ip nhrp, kwa sababu yale majina yaliyokwisha kuandikwa kwa masharti ya zamani yangeendelea kukataa.

Ile tabia ya kukataa, tukubaliane, haikuwekwa kwa bahati mbaya. Inazuia ruta mbili zisijiite jina moja. Ukiiondoa, ukajichanganya ukawapa Tandahimba na Nachingwea 10.10.0.4 wote wawili, watakuwa wanafutana kwenye daftari siku nzima, na kila tawi litakuambia mfumo unakuja na kuondoka. Kwa hiyo kwa kila mteja tunabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la mtandao, tawi na anwani yake, kwa maandishi makubwa. Kompyuta huharibika. Karatasi ile tumeikuta ipo hata kwenye duka lililohama fremu.

Namba 1400 na 1360, vipimo vya ukubwa wa mzigo unaoruhusiwa kuingia handakini, zina hadithi yake. Pakiti ya kawaida, yaani fungu moja la data, huwa na hadi baiti 1500. GRE inaongeza 24, IPsec inaongeza zake juu. Ni sawa na kulichukua gunia la korosho lililojaa, ukalitia ndani ya gunia jingine, na hilo ndani ya jingine, kisha ukataka lipite kwenye mlango ule ule. Dalili yake inachanganya kweli kweli: ping, ile ya kuuliza "upo?", inajibu, jina na neno la siri vinakubali, halafu ukurasa wa risiti unazunguka tu mpaka mteja anaondoka. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama mlangoni. Ukiona hivyo, usikimbilie kununua bando kubwa. Punguza gunia.

Neno shortcut hapo juu linafanya kazi pamoja na redirect linaloandikwa upande wa kitovu, ndiyo awamu ya tatu ya DMVPN: Newala na Masasi wanaongea bila kupitia Mtwara. Bila hayo kila faili linaingia Mtwara na kutoka Mtwara, na bando la kitovu linaliwa mara mbili kwa mzigo usiowahusu. Lakini hapa tutakuwa wakweli hata kama tunapoteza kazi. Matawi yako yote yakiwa kwenye ruta za laini ya simu, ambazo kwa kawaida hupewa anwani za ndani ya kampuni, zile zinazoanzia 100.64 au 10, matawi mawili ya namna hiyo mara nyingi hushindwa kufikiana moja kwa moja. Mfumo hautakufa, utaendelea kupitia kitovu. Kama seva yako iko Mtwara na matawi hayana la kuambiana, awamu ya tatu haitakuongezea kitu. Tumeshamwambia mteja wa Lindi hivyo, akatushangaa.

Kitovu, hicho hakina mjadala: kinahitaji anwani ya umma isiyobadilika. Laini ya simu ya kawaida haitafaa hapo.

Kuhusu ruta zenyewe. MikroTik zimejaa mjini na ni ruta nzuri, zinachimba mahandaki ya WireGuard na IPsec bila shida, ila DMVPN hazifanyi, hazina NHRP. Ukiwa na matawi mawili au matatu na MikroTik unazo tayari, baki nazo, tutakufungia WireGuard na utalala usingizi. Kwa Cisco zilizotumika, kabla hujalipa hakikisha ina leseni ya usalama, ile inayosomeka securityk9. Tumeletewa ruta safi kutoka Dar, bei ya kuokota, isiyoweza kuandika hata mstari mmoja wa IPsec. Ruta bila leseni hiyo, kwa kazi hii, ni pambo la kabati. Asiyetaka Cisco anaweza kutumia kompyuta ya Linux yenye programu ya FRR, nayo inaijua NHRP, lakini awe na mtu wa kuitunza.

Ruta ikiibiwa tawini, tupigie siku hiyo hiyo. Wafungaji wengi huweka ufunguo mmoja wa IPsec kwa matawi yote, kwa hiyo aliyeiba ruta ya Masasi ameondoka na ufunguo wa duka zima. Lile neno la siri la NHRP, lisilozidi herufi nane, lisikudanganye: kazi yake ni kuzuia kuchanganyikiwa, ulinzi ni wa IPsec. Sisi kwa matawi zaidi ya manne tunatumia vyeti, kila tawi na chake, ili kimoja kikipotea kifutwe bila kuwagusa wengine.

Jambo la sheria tulitaje pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wawasilishe taarifa zao, anwani ya IP ikiwemo, na mwisho ukawekwa 30 Oktoba mwaka huo. VPN ya kuunganisha maduka yako mwenyewe haina cha kuficha, kwa hiyo fuata taratibu. Taarifa za kiufundi tunakuandalia, kuziwasilisha ni juu yako.

Na kuna siku handaki halitakusaidia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti nchini ikazorota vibaya. VPN hupita juu ya intaneti, ikizama nayo inazama. Tangu hapo tunaweka ruta moja ya akiba hapa Mtwara, imeshaandikwa, inasubiri jina la tawi tu, kwa sababu kipuri kinachotoka Dar hakina ahadi.

Binti wa Newala bado anaandika kwa kalamu nyekundu, tulimwomba asiache. Mstari wa mwisho tuliouona unasema: umeme 10:02, umerudi 10:09, mfumo 10:11.

Kama mfumo wako una tabia kama ile, njoo ofisini Chikongola au tuma WhatsApp, ukiwa na vitu vitatu: picha ya karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, aina ya laini ya kila tawi, na saa ambazo mfumo ulikata na kurudi, japo mara tatu. Cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote.