Risala ya vijana wa soka la mitaani kwa mgeni rasmi, siku ya fainali, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mlioambatana nae, wazee wetu, makocha, wachezaji wa timu zote mbili, mabibi na mabwana, mwadila!

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa uzima. Pili tunakushukuru wewe mgeni rasmi, maana tunajua ratiba yako ilivyobana na bado umefika, tena kabla mpira haujaanza, hilo tumeliona na tumelipokea kwa heshima kubwa.

Historia yetu ni fupi. Tulianza timu mbili na mpira mmoja, leo tuko timu 16, tuna katiba, tuna akaunti benki, tuna waamuzi wenye filimbi zao, na mwaka huu vijana wetu wawili wameitwa majaribio kwenye timu ya vijana ya klabu kubwa, jambo ambalo kwa Kanda ya Ziwa sisi tunaliita mapinduzi ya soka. Kwa hayo tunajipongeza.

Sasa mheshimiwa, tuseme lililopo moyoni. Ni uwanja.

Tanzania, Kenya na Uganda tulipewa kuandaa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu Septemba 2023. Agosti 2025 tukaandaa kwa pamoja CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Dar wakachezea kwa Mkapa, Zanzibar wakachezea Amaan, na Arusha nao wamepata mradi wa uwanja mpya wa watu 30,000. Tumefurahi kwelikweli, nchi ni moja. Ila sisi huku CHAN tuliiangalia kwenye vibanda umiza, watoto wamekaa chini wazee wamesimama, na aliyetaka kuiona kwa macho yake ilibidi apande basi zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar, nauli, pa kulala, kula, halafu arudi. Mvuvi wa Kirumba au mama muuza dagaa wa Igombe hiyo hela anaitoa wapi?

Uwanja wa CCM Kirumba tunauheshimu, ndio umetulea. Timu yetu ya Pamba, wana TP Lindanda, walivyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 kuna watu wazima hapa jukwaani walilia, hatuwataji. Lakini mashindano ya kimataifa sio nyasi na magoli tu, CAF, Shirikisho la Soka Afrika, wanataka kila mtazamaji awe na kiti chake chenye namba, taa za kuchezea usiku, vyumba vya maana vya kubadilishia nguo, chumba cha vipimo vya dawa, sehemu ya waandishi, na viwanja vya mazoezi karibu. Kuyabandika yote hayo kwenye uwanja wa zamani uliobanwa na mji ni kushona kiraka juu ya kiraka, sisi tunaomba mpya.

Na mahali Mwanza ilipo mheshimiwa! Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mtu wa Geita, Chato mpaka Kagera hasubiri tena kivuko. Simiyu, Mara na Shinyanga ni barabara tu, uwanja wa ndege tunao, na ng'ambo ya ziwa hilihili kuna Kisumu na Uganda, wenzetu wa AFCON. Mechi moja kubwa hapa, hoteli, bodaboda, wachoma sato, wote wanapata.

Mheshimiwa, haya tumeshayasema. Mgeni rasmi wa kwanza alituambia upembuzi yakinifu unaanza, tukapiga makofi. Wa pili akasema hela ipo kwenye bajeti, tukapiga makofi zaidi, kinamama wakapiga vigelegele. Wa tatu akasema mchakato uko mbioni, na mpaka leo uko mbioni. Hatumlaumu mtu, inawezekana kila mmoja alisema kwa nia njema, ila risala zile tatu tunazo kwenye faili na hii ni ya nne, na ombi ni lilelile.

Katikati hapo wapimaji walikuja kweli kupima eneo la uwanja mpya. Wakaweka mawe ya mipaka, na kwenye yale majabali makubwa wakapiga alama ya rangi nyekundu. Tulishinda nao siku nzima tukiwabebea vifaa, bure, kwa furaha. Hawajarudi. Jiwe moja la mpaka saivi linafungiwa mbuzi, upande wa juu mtu kashalima mihogo, na mvua za mwaka jana zilivyofuta ile rangi vijana walichanga wenyewe wakanunua kopo, wakapita jabali kwa jabali wakaipaka upya ili eneo lisije likasahaulika likaota nyumba.

Kwa hiyo hatuombi mipira leo, wala jezi, japo zimechanika. Tunaomba eneo lile litengwe rasmi kwa maandishi, kibao kisimamishwe, na tuambiwe mwezi na mwaka wa kuanza ujenzi, hata kama ni mbali, mradi tarehe ijulikane tuishike.

La mwisho mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa. Baada ya kukabidhi kombe na kunywa soda, tunaomba dakika 40 zako twende pamoja ukaone zile alama. Kutoka hapa ni karibu, gari linapita, na vijana wameshafyeka njia tangu juzi.

Naomba kuwasilisha.