Msituelezee fumbo

Mhariri,

Nachangia kuhusu safu yenu ya visa vya chumvichumvi vya waigizaji wa kike wa zamani. Kasoro yake ni kufafanua fumbo. Chukua kisa cha Mae West, mwigizaji wa Marekani: mwaka 1927, New York, alihukumiwa jela siku 10 kwa mchezo wa jukwaani uliodaiwa kuharibu maadili. Alitumikia 8, mbili akasamehewa kwa tabia njema. Utamu wote uko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Yakitangulia, au yakifuatiwa na sentensi ya ufafanuzi, kicheko kimekwisha. Wanywa kahawa wa Moshi hawatafsiriwi mafumbo.

Naomba mhariri wa safu afute kila mstari unaofuata kichekesho, ataje mwaka na mji, na visa visivyo na chanzo asiwabandike waigizaji wetu walio hai. Hiyo ni kashfa.

Msomaji,
Moshi