Furlong, mfuo uliozaa ekari

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi, na kazi iendelee. Hilo neno furlong lililokukwamisha kwenye tafsiri lisikutishe. Ni neno la wakulima, na ukilipasua linajieleza lenyewe: katika Kiingereza cha kale furh ni mfuo, ule mstari unaoachwa na plau ardhini, na lang ni refu. Basi ni urefu wa mfuo mmoja. Kwa vipimo vya leo ni yadi 220, yaani futi 660, au mita 201.168 kamili. Furlong nane ni maili moja.

Kwa nini mfuo uwe mrefu hivyo? Shida ilikuwa kugeuza. Plau nzito la Uingereza ya zama za kati lilikokotwa na maksai hadi wanane, wawili wawili kwenye nira, na kuligeuza kundi hilo kulikula muda na nguvu. Mkulima alitaka ageuze mara chache, lakini akizidisha urefu, wanyama wanaishiwa pumzi katikati ya shamba. Ndiyo maana mashamba yakawa vipande virefu vyembamba, furlong moja kwa yadi 22. Eneo hilo ndilo ekari, na lilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja.

Piga hesabu uone siku yenyewe. Mfuo ukiwa na upana wa inchi 9, kwenye yadi 22 inaingia mifuo 88. Hiyo ni maili 11, karibu kilomita 18, mtu anatembea nyuma ya ng'ombe huku ameng'ang'ania mpini! Hadi leo katika malisho ya Uingereza ya kati yako matuta ya zamani yaliyopinda kama herufi S iliyogeuzwa, kwa sababu maksai walianza kupindishwa kabla ya kufika mwisho ili wapate nafasi ya kugeuka.

Maili yenyewe ilikuja kutoka kwingine. Ile ya Warumi ilikuwa na futi 5,000 za Kirumi, haikulingana na furlong nane. Furlong ilikuwa fimbo 40, kila fimbo futi 16 na nusu, na mipaka ya ardhi ilikuwa imeshapimwa kwa fimbo hizo. Ukigusa fimbo, umegusa shamba la mtu. Maili haikuwa na mwenyewe. Basi sheria ya mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth I, ikairefusha maili iwe furlong nane, futi 5,280. Ndiyo asili ya ile namba isiyo na kichwa wala miguu.

Sasa mitego. Kwenye hati za zamani za mashamba, furlong mara nyingi si urefu hata kidogo: ni kundi la vipande vinavyolimwa kuelekea upande mmoja, na huwa na jina lake. Hapo andika "kitalu". Katika Biblia ya King James ya 1611, Luka 24:13, Emau iko furlong 60 kutoka Yerusalemu, lakini Kigiriki kinasema stadio, na stadio ni kama mita 185. Ukizidisha kwa 201 utapata kilomita 12, kumbe ni 11 na kidogo. Baadhi ya waliotafsiri Kiswahili walikwepa kwa ustadi, wakautaja umbali huo kwa saa: kama saa mbili. Na kwenye mbio za farasi, liache kama lilivyo, maana Waingereza na Wamarekani bado wanahesabu hivyo. Kentucky Derby ni furlong 10. Penye maelezo ya kawaida, "thumuni ya maili", yaani sehemu moja ya nane, inatosha, na ni Kiswahili kizuri kinachosahaulika bure.

Umeuliza pia kama ina uhusiano wowote na huku kwetu. Upo, kwenye ekari. Furlong moja kwa yadi 22 ni yadi mraba 4,840. Tafuta kipeuo chake cha pili, utapata 69.6. Ndiyo ile "hatua sabini kwa sabini" ya vijijini Tanzania, ila inakuwa kweli pale tu hatua inapofika yadi nzima, sentimita 91. Hatua ya kawaida ya mtu asiyejinyoosha ni kama sentimita 75. Sabini kwa sabini za namna hiyo ni mita mraba 2,756, wakati ekari ni 4,047. Mnunuzi analipia ekari, anaondoka na theluthi mbili. Kwa hiyo mwambie kaka yako, kabla hajatoa hela ya lile shamba, apeleke kamba ya mita: 63.6 kila upande.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Salim