Msiwafukuze bodaboda vituoni, kagueni breki zao

Mhariri,

Foleni ikizidi jijini, abiria wa bodaboda hulaumiwa kwa haraka zao, na wapo wanaotaka bodaboda zifukuzwe kwenye vituo vya mwendokasi. Haraka ipo, lakini wengi wanapanda kwa sababu usafiri mwingine unawaacha njiani. Mwendokasi, usafiri wa mabasi ya haraka ulioanza 2016, unamshusha mtu Kimara Mwisho. Kwake ni Bonyokwa, ndani ndani, ni saa tatu usiku, mvua inanyesha na ana mzigo wa sokoni. Bodaboda inamfikisha mlangoni. Kuzifukuza vituoni ni kumkatia safari katikati.

Tuwe wakali kwenye hali ya pikipiki zenyewe. Tazameni kofia ya abiria: mara nyingi kibanio cha mkanda kimevunjika, basi abiria anaishikilia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mzigo. Akianguka, kofia inaruka kabla kichwa hakijafika kwenye lami. Mkanda ufungwe hadi vipite vidole viwili tu chini ya kidevu. Anayeikataa kwa sababu ya jasho la aliyemtangulia ana haki; kitambaa chepesi cha kuvaa ndani kinamaliza neno hilo. (Na pandeni kwa kushoto, kwa pikipiki nyingi eksozi iko kulia, inaunguza mguu.)

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mteremko. Ili kubana mafuta, baadhi ya madereva hutoa gia na kuzima injini, pikipiki ikaserereka yenyewe. Injini haizuii tena mwendo, kazi yote inaiangukia breki. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za hapa ni ya ngoma. Breki shuu, yaani vipande vinavyobana ngoma kwa ndani, zikichemka hazishiki, na abiria na mzigo wake wanazidi kusukuma. Mteremko ushukwe kwa gia ya pili, injini ikiwaka. Pedali ikizama zaidi ya sentimita 3 kabla ya kushika, nati ya kurekebishia breki, iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki kwenye gurudumu la nyuma, ikazwe. Ni kazi ya dakika moja, haihitaji fundi. Mkono wa breki ulio kwenye ngoma ukiwa umeshafika mwisho wake, shuu zimekwisha, na kuzidi kukaza ni kujidanganya.

Ninaomba jiji na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, watenge eneo la bodaboda lenye taa katika kila kituo kikubwa cha mwendokasi, na viongozi wa vijiwe wakague mikanda na breki kila alfajiri, kabla pikipiki ya kwanza haijapakia.

Msomaji,
Kimara, Dar es Salaam