Chumba cha wafiwa si cha kupigia picha

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya wiki jana kuhusu "chumba cha familia" kilichofunguliwa katika mochari moja ya kibinafsi hapa Nakuru ndiyo imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alisifu sofa nyeupe, zulia, maua ya plastiki, runinga na ukuta wa kioo. Hakumuuliza hata mfiwa mmoja kama alipata pa kukaa.

Chumba cha aina hiyo nakijua. Nilikaa ndani yake, katika mji mwingine, tulipokwenda kumchukua mama yetu kumpeleka Kakamega. Tulifika basi zima, kwa sababu ndivyo tunavyofika. Kwetu hakuna anayekwenda kuchukua maiti peke yake. Sofa ziliwatosha watu sita. Wazee wakaketi, sisi wengine tukaegemea ukuta, watoto wakabaki juani kando ya gari. Runinga ilikuwa ikionyesha mechi ya ligi ya Uingereza na hatukupata mtu wa kuizima. Ule ukuta wa kioo ulielekea ushoroba wa kupitishia maiti, hivyo tukiwa tunamngoja wetu tulimwona wa wenyewe akisukumwa kwenye kitoroli, shuka imemteleza miguuni. Watoto waliokuwa wameingia kunywa maji waliona pia, na hapakuwa na pazia la kuvuta.

Kisha mama mdogo akavua viatu, akaketi sakafuni, akainyosha miguu, leso kiunoni, akaanza kumlilia dada yake. Kwetu mwanamke humlilia maiti kwa sauti. Humwita kwa jina, humkumbusha walikotoka, humuuliza anamwachia nani nyumba. Si kelele hizo, na si ushamba. Huko ndiko kuaga kwenyewe, na asiyelia hivyo siku ile hubaki na donge hilo moyoni miaka. Mhudumu akaja mbio. Akamwambia ainuke kwani zulia limesafishwa asubuhi, tena apunguze sauti, kuna wateja ofisini. Wateja! Ajuza aliyebaki peke yake katika tumbo lao anaambiwa anyamaze ili mtu mwingine alipe bili kwa utulivu. Akanyamaza. Akakalia ukingo wa sofa, mikono mapajani, wala hakulia tena mpaka tulipofika nyumbani, na hata huko sauti ilikuwa imeshakatika. Yule mhudumu simlaumu, alipewa kanuni. Namlaumu aliyekichora chumba kile bila kujua mfiwa huketi vipi, na aliyemlipa.

Na kwa kuwa nimetaja bili: ukutani, juu kidogo ya sofa, palibandikwa orodha ya bei za majeneza, kuanzia la bei ya juu. Familia ilikuwa imetoka kwenye mikutano ya kamati ya mazishi, kila jioni ikihesabu michango ya simu, halafu inakalishwa chini ya orodha hiyo. Hospitali zingine ndizo mbaya zaidi, zinazuia mwili hadi deni liishe, ilhali Mahakama Kuu ya Mombasa ilishaamua tangu 1998 kwamba maiti haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Hilo nalo gazeti lenu lifuatilie.

Serikali nayo haijajifunza. Mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wazazi walikusanyika Uwanja wa Nyayo wakapelekwa mochari ya Chiromo, Nairobi, kwa mabasi kuwatambua watoto wao. Mwaka 2024, baada ya moto wa shule ya Endarasha, wazazi wengine walingojea majibu ya DNA katika mochari ya hospitali ya Naromoru. Kungoja ndiyo kazi kubwa ya mfiwa mochari, na makafani yetu ya umma bado hujengwa kana kwamba wanaoingia ni maiti peke yao.

Mwenye mochari hiyo ya Nakuru, kama ana nia njema, awaite akina mama wa chama chochote cha mtaani waliowahi kupika matangani, wamwambie la kufanya. Mimi naanza. Zulia liondoke, sakafu iwe ya saruji laini na mikeka mikubwa. Mabenchi marefu yasiyo na mikono, ili anayezirai alazwe. Bomba la maji na choo mle mle, si nyuma ya jengo. Kioo kizibwe kwa matofali. Pawe na meza, soketi na pasi, kwa maana suti ya marehemu hufika imekunjamana ndani ya mfuko na hakuna anayetaka kumvalisha mzazi wake nguo yenye makunyanzi. Mlango wa pili ufunguke uani, gari lirudi nyuma hadi hapo, jeneza lisipitishwe mbele ya wageni wa wengine. Na kanuni ya kupunguza sauti ifutwe. Ofisi ya malipo ndiyo ihamishiwe upande wa pili wa jengo.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru