Kabla hujanunua shokapu mpya, pima uzito unaobeba

"Fundi, shokapu zimekufa, nitolee hizi uniwekee mpya." Hapa gereji kwetu Igoma, Mwanza, hatupitishi wiki bila kulisikia ombi hilo. Tukizikagua, nyingi bado nzima. Tatizo ni kwamba zimepangwa kwa uzito ambao mwenye pikipiki habebi. Chombo kilitoka dukani, kikaingia kijiweni siku hiyo hiyo, na adjasta haijaguswa tangu hapo. Asubuhi kinabeba abiria na begi lake kwenda mjini, mchana magunia mawili ya mkaa, usiku dereva anarudi nacho Kisesa akiwa peke yake. Kazi tatu tofauti, mpangilio mmoja.

Chuchumaa nyuma ya pikipiki yako utazame ncha ya springi. Utaona pete yenye ngazi ngazi, hiyo ndiyo adjasta. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu, kama Boxer na TVS, zina ngazi nne au tano. Wengi wanaamini ukiipandisha ile pete springi inakuwa ngumu zaidi. Springi haibadiliki, ni ile ile. Kinachobadilika ni pale inapoanzia kazi: ukiibana, pikipiki inakaa juu zaidi, na shokapu inabaki na nafasi ya kutosha ya kushuka ikikutana na shimo. Ukiilegeza, pikipiki inakaa chini. Ukiibebesha mzigo mzito ikiwa imelegea, nafasi yote inaliwa na mzigo kabla hujaondoka, na tuta la kwanza tu linakugonga kiunoni.

Dalili za nyuma kukaa chini mno unazijua hata kama hukuwahi kuzihusisha na pete. Usukani unakuwa mwepesi, hasa ukipanda mlima na abiria kuelekea Bugando au kwenye makazi ya juu ya Mabatini. Kona inakupeleka nje kuliko ulivyokusudia. Usiku wenzako wanakuwashia taa kwa hasira kwa sababu yako inapiga juu, machoni mwao. Nyuma ikikaa juu mno ni kinyume chake: ukiwa peke yako kwenye barabara ya kokoto, tairi la nyuma linarukaruka badala ya kushika ardhi, mgongo unauma, na usukani unakuwa na haraka kuliko unavyotaka.

Kupima ni rahisi na tunapenda kila dereva ajue. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie. Chukua futi, pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu moja kwa moja mpaka kwenye boliti au alama yoyote ya bodi. Tuseme umepata sentimita 58. Sasa ishushe, kaa kama unavyokaa barabarani, na mzigo wako wa kawaida uwe umefungwa. Mwenzako apime tena pale pale. Akipata 55, imeshuka sentimita 3. Kwa pikipiki ambayo tairi lake la nyuma lina nafasi ya sentimita 10 hivi ya kupanda na kushuka, hapo ni pazuri. Robo mpaka theluthi ya nafasi yote ndiyo tunayoitafuta. Ikishuka 5, pandisha ngazi moja, upime tena. Ikishuka 1 tu, teremsha.

Shokapu zote mbili ziwe ngazi moja. Tumepokea pikipiki ambayo kulia ni ya tatu na kushoto ni ya kwanza, na mwenyewe analalamika kwamba inavuta upande. Ukimaliza, angalia na mnyororo. Hukaza na kulegea kadiri tairi la nyuma linavyopanda na kushuka, kwa hiyo mnyororo uliokazwa sana pikipiki ikiwa tupu unaweza kukaza kupita kiasi ukipakia.

Kuna jambo ambalo pete haiwezi kulitibu, nalo ni oili. Springi inabeba uzito. Oili iliyo ndani ya shokapu ndiyo inayoizuia isidunde. Kandamiza kiti cha nyuma kwa nguvu, kisha achia ghafla. Ikirudi juu mara moja tu ikatulia, oili inafanya kazi. Ikidunda mara mbili tatu kama mpira wa watoto, au ukaona unyevunyevu wa oili na vumbi lililoganda kwenye fimbo ya shokapu, hiyo kweli imekufa. Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki hizi hazikutengenezwa zifunguliwe, kwa hiyo tunabadilisha zote mbili kwa pamoja. Kufunga vipande vya mpira wa tairi katikati ya springi hatufanyi, hata mteja akisisitiza. Mpira unaziba nafasi ya shokapu kufanya kazi, na kishindo kinahamia kwenye chesesi na bushi.

Mbele ndiko kunakosahaulika zaidi. Oili ya fork, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, inachoka, inakuwa nyeusi na nyepesi, na hapo ukishika breki ukiteremka mlimani pua inazama kwa ghafla. Sisi tunaimwaga yote, tunasafisha, kisha tunaweka ya uzito na kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, sawasawa mguu wa kulia na wa kushoto. Kujaza oili ya injini "kidogo ili iwe ngumu" kunaua sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje. Wateja wetu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba tunawaomba kitu kimoja cha ziada: maji ya barafu yanayodondoka kutoka kwenye matenga ya samaki yanatua kwenye shokapu na mnyororo, na mchanga wa ufukweni unakaa kwenye mpira wa vumbi wa fork. Futa bomba la fork kwa kitambaa safi kila jioni. Kutu ikishaweka vishimo pale, sili mpya nayo itavuja ndani ya muda mfupi, na hilo linatuuma kwa sababu ni gharama iliyoweza kuepukika.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, tunapokea zaidi madereva wa upande wa Sengerema wanaosema pikipiki inatikisika usukani kwenye lami, kwa mwendo. Kabla ya kugusa shokapu tunainua tairi la mbele na kuzishika fork chini, tunavuta na kusukuma. Zikicheza, beringi za usukani zimelegea au zimekwisha. Halafu tunapima upepo. Kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu ni PSI 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria, ila fuata kibandiko cha pikipiki yako. Upepo ukiwa pungufu, hakuna mpangilio wa shokapu utakaokaa sawa.

Kupima na kupanga pete ni bure kwa mteja yeyote anayekuja kubadilisha oili ya injini, na hakuchukui muda mrefu. Tunachoomba ni uje na uzito wako halisi. Kama unabeba kreti, njoo na kreti. Kama kazi yako ni abiria, njoo na mwenzako wa kijiweni akae nyuma wakati tunapima. Tutakuandikia kwa kalamu ya rangi, kwenye madigadi ya nyuma, ngazi ya ukiwa peke yako na ngazi ya ukiwa na mzigo, na tutakuonyesha jinsi ya kuzungusha mwenyewe kwa spana yake, ambayo mara nyingi imelala chini ya kiti tangu siku uliyonunua pikipiki.