Niokotee mwavuli mbovu

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anaukumbushia ungo wake uliouazima Ramadhani.

Nimesoma ulivyoniandikia, kwamba unataka kupita Kariakoo uninunulie sponji na vitambaa vya kutengenezea vikaragosi, ili niache kuzunguka ufukweni na kiroba mgongoni. Najua umesema kwa mapenzi. Lakini usininunulie, somo. Ngoja nikueleze kwa nini, kisha nitakuomba kitu kingine.

Kusi bado inavuma. Bamvua likishapita, asubuhi maji yakipwa, ufuo unabaki na mstari mrefu wa majani ya bahari, na humo ndani ya majani ndimo ninamopata vitu vyangu. Hasa ndala. Sijapata kuokota pea hata mara moja. Huja moja moja, ya kushoto au ya kulia, na kila moja ina alama ya kisigino cha mtu nisiyemjua. Utakuta imelika upande, kamba imeshikizwa kwa msumari, au imetobolewa ikafungwa kwa waya. Nikiishika mkononi najua mwenyewe alikuwa akitembeaje. Kuna moja ya bluu niliipata imelika vibaya ubavu wa nje, nikasema huyu ni mzee anayechechemea. Ndiye baba mkwe wa igizo letu sasa, na watoto wanampenda kuliko wote. Sponji ya dukani haijawahi kuwa ya mtu. Ikifika hapa itanibidi nimtoe mtu mzima kichwani mwangu, na watu wa kichwani mwangu wote wanafanana.

Ndala naziloweka maji ya kisima siku mbili chumvi itoke, maana gundi haishiki penye chumvi. Kisha nazianika kivulini. Jua la saa sita linaisinyaza ndala mpaka inajikunja. Pua na midomo nachonga kwa kisu cha mkate. Bawaba ya taya ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, na shingo ni shingo ya chupa ya maji, kidole cha shahada kinaingia sawasawa. Macho ni visoda. Nywele ni makumbi ya nazi, au vipande vya nyavu zilizochanika ninavyopewa na wavuvi kule kwenye kivuko cha Msangamkuu.

Chupa siokoti ovyo, hilo nataka ulijue. Wapo kina mama wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo, na chupa nzima kwao ni unga wa jioni. Mimi nachukua zilizokanyagwa na magari au zilizoungua nusu, wasizozitaka, nakata shingo tu.

Vitambaa hunitunzia fundi cherehani mmoja wa sokoni. Vipande vyote vya vitenge na khanga anavitia kwenye kiroba, nami napita Ijumaa. Mwezi uliopita, tukionyesha chini ya mwembe, mtoto mmoja wa miaka mitano hivi akainuka, akaja mpaka mbele, akashika gauni la kikaragosi. Akasema, "Hiki kitenge cha mama." Kumbe mama yake alishonewa kwa fundi yuleyule, na tangu Mfungo Mosi yuko Msumbiji kwenye biashara. Mtoto akamwangalia kikaragosi usoni, mkono wangu anauona kabisa umeingia ndani, akamuuliza, "Utarudi lini?"

Somo, sikuwa na la kujibu. Nikainamisha kile kichwa, nikaunyosha mkono wake mdogo ukamgusa mtoto shavuni. Nilipomaliza nikamfuata bibi yake, nikamwambia nifumue gauni nimpe mtoto kitambaa. Bibi akakataa. Akasema, "Kiache hapo hapo, awe anakuja kukiona." Na kweli anakuja kila tunapoonyesha, anakaa mbele. Sasa niambie, kitambaa kipya cha robota kingelifanya jambo hilo?

Si kila kilichotupwa naokota. Maganda ya korosho yalinitia tamaa, yana umbo zuri la masikio, nikayachoma sindano mabichi bila kufikiri. Yale mafuta yaliyomo ndani ya ganda yaliniunguza vidole viwili, ngozi ikababuka, nikakaa siku kumi sishiki uzi. Na mifuko ya salfa siigusi. Wakulima wamemaliza kupulizia mikorosho, na mifuko hiyo imezagaa huko mashambani, imara, ungeipenda. Lakini ile vumbi ya manjano hubaki kwenye mishono hata ukiifua, na hawa ni watoto, wanashika kikaragosi kisha wanapangusa macho. Dampo nako siingii, kuna sindano na viwembe.

Unavikumbuka vinyago vya midimu, vile vya kuchezea ngoma ya Wamakonde, alivyokuwa navyo babu? Vimechongwa kwa mti mwepesi, na nywele zake ni nywele za watu kweli, zimebandikwa kwa nta. Utotoni zilinitisha mpaka nikawa silali chumba kile. Siku hizi nazifikiria kila ninapochambua kiroba. Nywele zile zilinyolewa kichwani mwa mtu fulani, zikaanguka chini, na mchongaji akainama kuziokota. Angeweza kuchonga nywele kwa patasi, ufundi huo alikuwa nao. Hakutaka.

Basi ombi langu. Huko Dar mvua zikipita na upepo wake, miavuli mibovu hutupwa mitaroni na kwenye vituo vya daladala. Niokotee. Miavuli mitatu inatosha. Vile vijiti vyake ni vyepesi, vimenyooka, vina maungio tayari, na vya aina nyingi vina kitundu nchani pa kupitisha uzi. Kwa kuendeshea mikono ya kikaragosi sijaona kitu bora. Spoku za baiskeli nimezijaribu, ni fupi kidogo na hazina kiungo, mkono unakwenda kama wa askari wa gwaride. Kitambaa cha mwavuli usikitoe, cheusi nitamshonea bibi buibui. Ukipata wenye mpini uliochakaa kwa kushikwa, huo nitunzie hata kama vijiti vimekatika. Funga vyote kwa kamba, mpe kondakta wa basi la Mtwara, nitavipokea stendi.

Ila usichelewe. Igizo jipya ni la mvuvi na mkewe, na tumeshawaambia watoto ni Jumamosi ya kwanza shule zikifungua. Mvuvi amekamilika. Mkewe amekaa hapa dirishani mbele yangu ninapoandika, kichwa tayari, gauni tayari, mikono inaning'inia tu ubavuni inangoja vijiti.

Ni mimi somo yako